Msumeno wa Lamineti

Anayetaka kutandika sakafu ya lamineti nyumbani mwenyewe, awe Michenzani au Fumba, Unguja, anunue kwanza msumeno wa mkono wenye meno madogo na ya karibu karibu. Lamineti ina sura ya mbao tu: ndani ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, juu ni ngozi ngumu yenye chembe za oksidi ya alumini, nazo hutafuna makali upesi, kwa hiyo usiazime msumeno mzuri wa seremala. Jambo la kuangalia ni meno yanakata kuelekea wapi. Msumeno wa mkono hukata ukisukumwa, basi uso wa ubao uangalie juu; ule wa umeme wa duara, wa kushika mkononi, hukata ukipanda, basi uso ulale chini, la sivyo ukingo utabanduka vipande vipande. Wa umeme una kasi, sikatai, lakini wa mkono hausubiri umeme, na waliokuwa Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika, hawahitaji kuelezwa. Funika pua na mdomo, vumbi la lamineti ni baya, na acha nafasi ya milimita 10 hivi ukutani, maana ubao hutanuka kwa unyevu. Ama nyumba za Mji Mkongwe, zenye sakafu za chokaa juu ya boriti za mikoko, usizitandike lamineti kabisa: hazijanyooka, na chokaa hupitisha unyevu. Huko mwite fundi wa chokaa.