TB 16 kwa bei ya chee? Tuache ujinga!

Wadau, nina hasira. Likizo nilinunua ekstano ya TB 16 mtaani Kahama, bei ya chee. Leo maandalio yote ya TP majina yanaonekana, mafaili hayafunguki. Feki! Ndani kuna memori ndogo inayoidanganya kompyuta.

Msiniambie "hatuna hela". Hicho cha bei poa ndicho kilichonila hela. Hadi diski zinatengenezwa na Seagate, Western Digital na Toshiba tu. Chukua TB 1. Ikisoma GB 931 usishtuke, ni hesabu za kompyuta. Ijaze kwanza kwa H2testw, programu ya bure, ndipo uiamini. Kopi ya pili iweke kwingine.

Geita hakuna anayenunua dhahabu bila kuipima. Kwa nini diski tununue kwa macho?