Mpimeni Mzee Sukari Kabla ya Kusema ni Uzee

Ndugu zangu, bibi akiuliza swali lile lile mara tatu kabla ya adhuhuri, majumbani mwetu jibu huwa tayari: uzee huo, mwacheni. Naomba tuliache jibu hilo. Huenda sukari imo katika usahaulifu huo, na sukari hupimwa kwa tone moja la damu ya kidoleni.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya nishati yake, na chakula chake kikuu ni sukari iliyomo damuni. Sukari hiyo ikikaa juu miaka mingi, huharibu mishipa midogo inayoulisha. Mwaka 2013 watafiti wa hospitali ya Charité, Berlin, walichapisha matokeo ya kuwapima watu 141 wasio na kisukari, wenye umri wa wastani wa miaka 63. Wale ambao sukari yao ilikuwa juu kidogo kuliko wenzao walikumbuka maneno machache zaidi katika jaribio la kumbukumbu. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba sukari pekee ndiyo chanzo. Kwangu mimi, unatosha kutufanya tuangalie tunachomlisha mzee.

Tunampenda, ndiyo maana tukienda kumsalimia hatuendi mikono mitupu. Tunabeba kilo mbili za sukari, mkate mweupe, biskuti, pengine na kreti ya soda. Akitukaribisha chai, vijiko vitatu vimo tayari. Jioni ni ugali wa sembe mlima mzima, mchuzi kidogo. Heshima hiyo tuihamishe kwenye vitu vingine: unga wa dona, maharage, choroko, dagaa, karanga, mayai. Mchicha au kisamvu vijae nusu ya sahani, ugali upungue. Chai ipunguzwe sukari taratibu, wiki hadi wiki, ulimi uzoee. Baada ya chakula mtembezeni hata mpaka kwa jirani, maana misuli inayofanya kazi huichukua sukari kutoka damuni.

Lakini msimshindishe njaa, hasa akiwa anatumia dawa za kisukari. Sukari ikishuka mno nayo huudhuru ubongo. Mkimwona anatoka jasho, anatetemeka au anachanganyikiwa ghafla, na bado anaweza kumeza, mpeni kinywaji chenye sukari mara moja, kisha mwahisheni hospitali. Dawa zake asizibadilishe mtu ila daktari.

Basi mwezi huu mpelekeni zahanati asubuhi, kabla hajala kitu. Kipimo kikisoma 7.0 mmol/L au zaidi, arudi apimwe tena siku nyingine; kikiwa kati ya 6.1 na 6.9, hilo ni onyo, mzungumze na mganga. Mwelezeni mganga pia jinsi mzee anavyosahau, mzee asidhani ni jambo la kufichwa. Na mkiwa hapo hapo, nyinyi mnaokula naye chungu kimoja, nyosheni vidole mpimwe.