Sonona imepona, mbona bado anarudi kuangalia mlango?

Wadau, huyu mtu kila mtaa unaye, jina hatutaji. Alikuwa Dar, akapotea mitandaoni miezi kadhaa, tukasikia ni sonona. Ndugu wakamrudisha Mbinga, akatumia dawa, sasa anakula, anacheka, anaposti tena. Komenti zote ni "karibu tena staa wetu". Wanaoishi naye wana stori nyingine. Anafunga mlango, anarudi kuuangalia mara ya nane, ya tisa. Ananawa mikono mpaka ngozi inapasuka, na ile baridi ya Mbinga ya mwezi wa saba!

Halafu anaambiwa, "Si umeshapona?"

Jamani, hiyo inaweza kuwa OCD. Kichwa kinaleta wazo la kutisha, labda jiko limeachwa linawaka, labda nitamdhuru mtoto, na mtu hatulii mpaka afanye kitu cha kulifuta. Mara nyingi anajua kabisa halina maana. Huwa inaandamana na sonona, na sonona ikipungua yenyewe inaweza kubaki. Kwa hiyo wewe unayeposti viatu vyako vimepangwa na kuandika "OCD yangu hiyo", tulia kidogo. Yule nahodha wa zamani wa Uingereza, mnamjua, mwaka 2006 alisema hadharani kwamba soda kwenye friji lazima ziwe jozi, ikizidi moja anaitoa. Watu wakacheka. Alisema pia amejaribu kuacha akashindwa.

Ushauri wa kwanza wa familia: apelekwe Mbamba Bay akapumzike. Sipingi, lami ipo, upepo wa ziwa upo, mbasa wapo. Ila mlango wa gesti ya ziwani nao una kitasa.

Kinachonisumbua zaidi ni huruma yetu. Kwetu mtu haachwi peke yake. Akiuliza "nimefunga?" dada anajibu "umefunga", akirudia, shangazi anainuka kumwangalizia. Kila jibu linamtuliza dakika chache, halafu wasiwasi unarudi na nguvu zaidi. Matibabu yanaenda kinyume: mtaalamu anamzoeza hatua kwa hatua kukaa na wasiwasi bila kurudi mlangoni, mpaka ushuke wenyewe. Nyumbani mnaweza kukubaliana naye mapema, bila ukali: "Umeshauliza, tukae hapa wote." Dawa za kundi lile lile la sonona husaidia pia, ila kwa OCD zinaweza kuchukua wiki 8 hadi 12. Kuziacha wiki ya tatu eti hazifanyi kazi, bila kumwambia daktari, ni kujirudisha nyuma.

Ukitaja hospitali, watu wanaruka moja kwa moja hadi Mirembe, Dodoma: "Kwani ni kichaa?" Wala. Anza hospitali ya wilaya, uulizie rufaa ya Songea. Na daktari akikuuliza unaendeleaje, usijibu "vizuri" kwa sababu tu umeanza kula. Mwambie na habari ya mlango, hata yale mawazo unayoyaonea aibu.