Mnunuzi Anapobisha Hodi

Dalali hutuhimiza tupake chokaa kabla ya wateja kuja kuiona nyumba. Kupamba si haramu. Kuficha ndiko kubaya. Ukuta wa mawe uliopandwa na chumvi, boriti iliyoliwa na mchwa, dari ivujayo wakati wa masika: hayo tumwonyeshe mnunuzi sisi wenyewe, hata asipouliza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa.

Faragha nayo haiuzwi pamoja na nyumba. Mama wa nyumba aarifiwe mapema, asishtukizwe jikoni na kundi la wanaume. Hodi na salamu zimeamrishwa katika Suratun-Nur, na mwenye fedha hakuvuliwa amri hiyo. Afadhali mnunuzi aje na mkewe, ambaye jiko na kisima atavikagua kuliko dalali yeyote.