BEI IKISHUKA, NI NANI ALIYELIPA?

Ndugu Wanachama,

Naomba nafasi kidogo katika karatasi yetu niseme jambo ambalo si la reli, lakini linaingia katika kila mfuko wa mshahara.

Huku Mowlem, mwisho wa mwezi ukifika, twapewa karatasi za rangi zenye picha za unga, sukari na sabuni, na juu yake neno OFA. Supamaketi hii imepunguza shilingi 10, ile imepunguza 15. Watu hushuka katika matatu wakaenda moja kwa moja kupanga foleni. Jirani yangu alicheka akasema, "Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wacha wapigane, sisi tule." Nami nilicheka pamoja naye, maana unga ulikuwa umeshuka kweli, na mimi nina watoto watatu. Lakini usiku nikakumbuka methali nyingine: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Haya ndugu, katika vita hivi sisi ni kunguru au ni nyasi?

Tuangalie yaliyopita. Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 kwa mali ya mashirika ya serikali, ili wananchi wapate vitu vya lazima kwa bei ya haki, na viwanda vya nchini vipate mahali pa kuuza. Juni 2006 milango ikafungwa. Serikali ikaisaidia, ikafunguliwa tena mwaka ule ule. Nakumatt ilianza Nakuru kwa kuuza magodoro, ikafika matawi zaidi ya 60 katika nchi nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu. Januari 2018 korti ikaiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Tuskys ikafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2020 ilishindwa kulipa madeni, na matawi yake yakafungwa moja baada ya moja.

Wengi husema maduka haya yalishindwa kwa bei. Carrefour walifika Karen mwaka 2016, Naivas na Quickmart wakaongeza matawi, na wanunuzi wakafuata palipo rahisi. Ni kweli mashindano yalikuwapo. Lakini mimi nasema hiyo si sababu ya kwanza. Rafu haiwi tupu kwa kuwa jirani anauza rahisi. Rafu huwa tupu kwa kuwa mwenye kiwanda amekataa kuleta mali, na hukataa kwa kuwa hajalipwa.

Biashara yenyewe huenda hivi. Duka kubwa huchukua maziwa, mkate na unga kwa mkopo. Huviuza leo kwa fedha taslimu, kisha humlipa mwenye mali baada ya wiki nyingi, pengine baada ya miezi. Katika siku hizo za katikati fedha ya watu imo mkononi mwa duka, na tamaa huja ya kuitumia kufungua matawi mapya. Sisi wa reli twajua mambo hayo. Ukifunga mabehewa zaidi kila stesheni na injini ni ile ile, kwenye kilima cha kwanza utasimama. Vita vya bei ndivyo vilivyokuwa kilima. Mzigo ulikuwa umezidi kabla ya kufika hapo.

Na treni iliposimama, ni nani aliyeumia? Maelfu ya ndugu zetu walipoteza kazi: wa kupanga rafu, wa kupokea fedha, askari wa mlangoni, madereva. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 humtanguliza mfanya kazi mbele ya wadai wa kawaida kwa mishahara ya miezi 4 ya mwisho, lakini isizidi shilingi 200,000. Ni vizuri iwepo. Lakini kutangulia katika foleni hakusaidii kitu ikiwa dirishani hakuna fedha.

Si kuanguka tu kunakoumiza. Hata duka lenye nguvu laweza kuleta bei ya chini kwa kumkamua mwingine. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua kwamba kampuni inayoendesha Carrefour hapa nchini ilitumia vibaya nguvu zake juu ya muuza mtindi mmoja, na baraza la rufani likakubaliana na uamuzi huo mwaka 2021. Muuzaji huyo alitakiwa kutoa punguzo, na tena kupeleka watu wake mwenyewe wafanye kazi dukani. Desemba 2023 Mamlaka ikaitoza kampuni hiyo faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa mambo ya wauzaji wengine wawili, mmoja wa asali na mmoja wa mafuta ya kupikia. Sasa fikirini, ndugu. Mwenye kiwanda akikamuliwa hivyo, yeye atamkamua nani? Atamwambia mfanya kazi wake kwamba mwaka huu hakuna nyongeza. Basi zile shilingi 15 nilizofurahia, pengine zimetoka katika mshahara wa kijana wa Kariobangi apakiaye mali katika gari.

Ndugu mmoja aliniuliza, "Wataka tununue ghali?" La. Mtu wa mshahara mdogo hana aibu kununua rahisi, nami nitapanga foleni mwezi ujao. Nasema tununue macho yakiwa wazi. Chupa mbili za mafuta zalingana kwa urefu, lakini moja ni lita nzima na ya pili ni mililita 900. Soma uzito kabla ya kusoma OFA. Wala tusimsahau mwenye duka dogo la mtaani. Mtoto wangu alipougua katikati ya mwezi, sikupewa sukari na supamaketi. Mama wa dukani ndiye aliyeandika jina langu katika daftari lake. Tukimpelekea shida zetu tu, na fedha zote tukazipeleka kwingine, siku moja tutakuta mlango wake umefungwa.

Lakini kubana matumizi peke yake hakutoshi, na hapo ndipo chama kinapoingia. Kwanza, kila mwenye ndugu au mke afanyaye kazi dukani amhimize aingie KUCFAW, chama cha wafanya kazi wa biashara na chakula, sasa duka likiwa na mali, asingoje rafu ziwe tupu. Pili, viongozi wetu wasimame pamoja na chama hicho kudai kwamba wauzaji walipwe kwa wakati. Sheria ya Ushindani iligeuzwa mwaka 2019 ili iwalinde wauzaji dhidi ya wanunuzi wakubwa, basi na ifanye kazi. Mwenye kiwanda akilipwa kwa wakati, hana kisingizio cha kumchelewesha mfanya kazi. Tatu, tukikaa mezani na mwajiri, asituambie maisha yamekuwa nafuu kwa sababu ya OFA. OFA ni ya wiki moja. Kodi ya nyumba, karo na nauli havina OFA.

Bei ikishuka, tushukuru, kisha tuulize ni nani aliyelipa. Tusipouliza, iko siku jibu litakuwa sisi.

Umoja ni nguvu.

Ndugu yenu katika kazi,
Mfanya kazi wa Reli, Mowlem