Kinyongo cha Ndugu Hakizibwi kwa Heshima

Hoja hii huchapishwa tena na tena, na wasomaji wa Voi wanaijua: mzazi kumpendelea mtoto mmoja ni jambo la kawaida, anayesahauliwa atakomazwa na shida, na mtu mzima anayelalamikia malezi yake anamvunjia mzazi heshima. Si kweli, na inaumiza.

Heshima gani? Wataita wenyewe, wenyeji wa eneo la Voi, hawakuidharau hasira iliyofichwa kati ya jamaa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi nao mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake cha 1978 jinsi kinyongo cha ndugu au mzazi kilivyoaminiwa kuleta maradhi na maafa. Tiba ilikuwa kutasa: mwenye uchungu alitamka maneno ya heri huku akipuliza pombe au maji kutoka kinywani, akiitoa hasira moyoni. Kwanza ilibidi uchungu wake ukubaliwe kuwa upo. Wanaowaambia walioumizwa wanyamaze wasijifiche nyuma ya mila.

Tena upendeleo si mapenzi tu. Ni nani alisomeshwa, nani alibaki kuchunga mbuzi, nani alipewa shamba. Katika kesi ya urithi ya Rono dhidi ya Rono, iliyotoka Bonde la Ufa, Mahakama Kuu iliwagawia wana wa kiume ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5 tu kila mmoja. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliutupa mgao huo.

Na kwa aliye mtoto leo, Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inawataka baba na mama wamlishe, wamsomeshe na wamtibu kila mtoto wao. Kumtelekeza hata mmoja ni kosa la jinai.