Mwendo wa Kipimo Kwanza

Gari la zamani ni amana. Aliyelirithi kwa mzee wake na kulitunza miaka 30 na zaidi ana haki ya kutaka lionekane likitembea. Hatuwalaumu basi wenzetu wa visiwani wanaotamani kuvuka bahari na kuingia mashindano ya magari ya zamani ya Afrika Mashariki, yaliyoanzishwa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 ya Safari ya kwanza, ile ya 1953 iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tunalouliza ni moja: mtu aanze na daraja lipi?

Yafaa ieleweke kwamba mashindano ya namna hii ulimwenguni yana njia mbili. Ya kwanza ni mbio zenyewe, ambazo ndizo zilizoyapa jina mashindano hayo ya Afrika Mashariki. Barabara hufungwa, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Hapo hapana budi kofia ngumu, mikanda maalumu, vyuma vya kukinga paa lisibonyee, na leseni ya mashindano. Ya pili ni mwendo wa kipimo. Waandalizi hupanga wastani wa mwendo, kwa kawaida usiozidi kilomita 50 kwa saa, kisha huwaweka wapima saa mahali pasipotangazwa. Kwa mwendo huo kilomita 10 ni dakika 12. Anayefika kwa dakika 11 ana kosa, na anayefika kwa 13 ana kosa. Ndivyo yanavyoendeshwa mashindano ya magari ya zamani ya Monte-Carlo tangu 1998.

Wapo wanaouita mwendo wa kipimo mchezo wa wazee. Hilo si kweli. Mwenzake dereva husoma njia na kupiga hesabu, na dereva hana budi kumtii. Asiyeweza kuutawala mwendo wa kilomita 50 atautawalaje wa 150? Tena gari likivunjika katika mbio, kipuri chake hakipatikani kila duka. Haraka haraka haina baraka.

Kwa wahusika serikalini tuna neno. Safari ya miaka ile ilikimbizwa katika barabara zilizo wazi kwa watu wote, hata timu kubwa zikarusha helikopta mbele ili kuwaonya madereva wao juu ya mifugo na magari mengine. Sisi hatuna helikopta. Tuna watoto waendao skuli na vyuoni kwa miguu. Siku itakapoombwa ruhusa ya mashindano kama haya visiwani, swali la kwanza liwe: ni daraja lipi? Ikiwa ni mbio, barabara ifungwe na wanavijiji waarifiwe mapema. Ikiwa ni mwendo wa kipimo, wastani utajwe katika kibali, na sheria ya barabarani ifuatwe na kila mtu.

Ruhusa isiyouliza hayo ni bora isitolewe. Gari la zamani hutengenezeka; mtoto aliyegongwa hatengenezeki.